Kigingi Kilichohamia Chooni

Baba yangu alitoka gerezani Jumamosi iliyopita, na mpaka leo Alhamisi amenipa maneno manne tu: "Lete maji," na "Funga mlango." Nayahesabu kwa sababu shule imefungwa na sina cha kufanya, na kwa sababu mimi nikinyimwa maneno nawashwa mwili mzima kama niliyelala kwenye upupu. Wageni wanamiminika sebuleni na madumu ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kila anayeingia baba anacheka naye, anamsimulia jinsi nyapara wao alivyokuwa akikoroma, anaulizia kahawa, anaulizia ndama wa fulani. Mgeni akitoka, kicheko kinazimika kama kibatari. Anakula akiwa amenipa mgongo. Amekonda, shingo imekuwa ndefu, lakini sahani anaimaliza. Mama ananiambia kwa macho: nyamaza, bojo, nyamaza tu. Nyamaza! Mimi! Baba hajanikasirikia kwa nililofanya mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili. Amenikasirikia kwa nililosema. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema kumbukumbu za maisha huandikwa na mtu aliyeona mengi, sisi watoto tuandike insha za faida za miti. Nina miaka kumi na saba na nimeona mkono wa mtu ukiwa chini na mwenyewe akiwa bado amesimama. Naomba nihesabiwe.

Mwaka ule kazi yangu rasmi ilikuwa kuchekesha watu. Niliweza kumwigiza mwalimu wa nidhamu anavyopandisha suruali kabla ya kuchapa, na nilichapwa kwa ajili hiyo mara nyingi mpaka makalio yangu yakawa yanajua ratiba kuliko kengele. Mtazamaji wangu mkuu alikuwa Edsoni, mtoto wa mwisho wa jirani yetu Benezeti, aliyekuwa kidato cha tatu shule hiyo hiyo. Edsoni akicheka sana miguu inamwisha nguvu, anakaa chini, hata kama ni katikati ya njia na bodaboda inapiga honi. Niliamka kila asubuhi nikiwaza leo nimkalishe kwa lipi. Nyumba zetu zilipakana. Sisi Wakatoliki wa migomba na kahawa, wao Walutheri wa ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko akili. Kila asubuhi Edsoni alileta toroli la samadi kwenye migomba yetu, na mimi nikalirudisha limejaa maganda ya ndizi na vigogo vya mgomba vilivyokatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe wao. Ndiyo maana baba na Benezeti waliitana "ndugu yangu wa mavi", tena kwa sauti, hata mbele ya katekista. Walikuwa wanaume wazima na walikuwa na utani wao, na nadhani mimi niliupata ugonjwa huo kwao.

Kati yetu na wao ulikuwepo mstari wa miramura. Mramura ni mti usio na maana yoyote: hauliwi, hauwaki vizuri, hauna kivuli. Lakini ukishapandwa mpakani, pale uliposimama ndipo penye mpaka, basi, hakuna cha karatasi wala ramani. Mtu akiung'oa akausogeza, amesogeza ardhi yenyewe. Hapa kwetu mlevi anaombewa, mwizi wa kuku anapigwa kisha anasamehewa, hata aliyeua ipo siku atasalimiwa. Aliyeng'oa mramura haombwi moto wala hapewi moto, na mama yake akipita njiani hasalimiwi. Nilijifunza hayo kabla sijajua kufunga vifungo vya sketi, kama vile watoto wa kwingine wanavyojifunza kutokucheza na umeme.

Kisha wakaja watu wa reli. Shirika la serikali linalosimamia reli za nchi nzima lilituma magari mawili meupe na kipaza sauti, na sisi wote tukakusanyika uwanja wa shule ya msingi kusikia habari za treni. Kijiji kizima aliyewahi kuiona treni kwa macho alikuwa mstaafu mmoja wa jeshi, na yeye aliipanda akiwa amelala. Afisa mmoja, bwana mwenye viatu vilivyokuwa vinahuzunika kwa vumbi letu, akaanza na "Ndugu wananchi", akaeleza kwamba wanatafuta njia ambapo reli inaweza kupita, kwamba njia haijaamuliwa bado, kwamba wanapima tu. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Waitu, hiyo treni ikigonga mbuzi, nyama ni ya nani?" Afisa akasema reli ina hifadhi yake na mbuzi haruhusiwi kuingia. "Mbuzi hasomi mabango, baba," mama akajibu, uwanja ukaangua kicheko. Benezeti akauliza ng'ombe wake watavukaje kwenda majini. Baba yangu akasimama wa mwisho, kofia mkononi, akauliza neno moja: "Makaburi?" Afisa akamjibu kwa heshima kabisa kwamba kila kitu kitafuata sheria, na akamalizia, "Mtaona vijana wetu wanaweka vigingi. Tafadhali, visiguswe." Hakusema zaidi, na sidhani kama aliona sababu ya kusema zaidi. Lakini sisi tulikuwa tumeshaelewa kwa namna yetu. Mtu mzito amekuja, amepanda kitu kwenye udongo, amesema kisiguswe. Hicho ni mramura uliopakwa rangi nyekundu.

Kigingi chetu, naita chetu kwa mazoea, kilipandwa kwa Benezeti, kwenye kona ya zizi, kimeegemea ua wa minyaa. Usiku ule mezani kulikuwa na matoke na maharage na baba hakuonja. "Afadhali kwake kuliko kwangu," akasema. "Ng'ombe wana miguu." Mama akamwambia, "Usiseme hivyo, Laurian. Benezeti ni mtu." "Nasema ukweli. Mimi nitabeba mgomba mgongoni? Nitamfukua baba nimpakie kwenye toroli?" Alikuwa hacheki. Babu yetu alilala pale nyuma, kati ya mikahawa, hatua chache kutoka kwenye choo kipya ambacho baba alikuwa amekijenga kwa fahari, mlango wa bati uliopakwa bluu, na kufuli juu kana kwamba kuna mtu angeiba kilichomo. Kuanzia siku ile kila asubuhi kabla ya kuswaki alikwenda mpakani kutazama kama kigingi kiko palepale kilipolala. Mimi nilimwona mzee mwenye dawa ya meno mkononi akichungulia kipande cha mti kupitia minyaa, na nikaona ni jambo la kuchekesha kuliko yote niliyowahi kupewa na Mungu.

Jumapili niliumwa tumbo. Tumbo langu lilikuwa mtaalamu wa kuumwa Jumapili. Baba na mama wakaenda kigangoni, Benezeti na watu wake wakaenda usharikani kwao, kijiji kikabaki cha kuku. Jua lilikuwa utosini. Nikaingia zizini, nikakitikisa kigingi kama jino bovu mpaka kikatoka. Kilikuwa cha mbao, urefu wa mkono wangu, kichwa chekundu chenye namba. Shimo nikalijaza samadi mbichi, nikaipigapiga kwa kiganja ikawa laini kama keki, ili Edsoni atafute mpaka achoke. Nikapita katikati ya miramura miwili, nikakipigilia kwa jiwe mbele ya mlango wa choo cha baba. Sehemu ya pili ya mzaha ndiyo iliyokuwa na utamu: ningeandika kwa mkaa kwenye ule mlango wa bluu, kwa herufi kubwa, STESHENI KUU. ABIRIA MSIJAZE CHOO. Edsoni angekaa chini wiki nzima. Nikaenda jikoni kuchukua mkaa. Nilikuwa nimeushika nikasikia kikohozi cha baba njiani. Padri alikuwa amekwenda kigango kingine, katekista akawaombesha haraka haraka, watu wakarudi mapema. Nikautupa mkaa, nikajilaza kwenye mkeka, nikaanza kuguna. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko masomo yangu yote. Kama ningekuwa nimeandika lile neno moja, STESHENI, baba angejua mwandiko wangu, angevua mkanda, angenikimbiza mpaka barabarani, na wote wangekuwa na mikono miwili.

Alikwenda chooni akiwa bado na koti la kanisani. Nikajivuta hadi mlango wa jiko ili nisipitwe. Nikamwona amesimama. Akainama, akagusa shina la kigingi, akanusa kidole. Samadi. Akainua macho juu ya miramura, akatazama lile zizi. Mimi nilikuwa nimeuma kanga ili nisipasuke. Nilingoja aite "Kokushubira!" kwa ile sauti yake ya mkanda. Hakuniita. Akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kuni, akaingia ndani, akatoka na muhoro, lile panga letu lenye ncha iliyopinda tunalopogolea migomba. Nilikuwa bado nacheka. Nataka liandikwe hivyo hivyo bila kupambwa: baba yangu alivuka mpaka na muhoro mkononi, na mimi nilimfuata nyuma nikicheka.

Benezeti na watu wake nao walikuwa wamewahi kurudi. Alikuwa ameketi barazani, tai shingoni, sahani ya matoke mapajani, Edsoni pembeni yake anakoroga maziwa. "Ndugu yangu wa mavi!" akaita. "Umenusa chakula, eh? Karibu." Baba akasema, "Umeng'oa." "Nimeng'oa nini?" "Umenisukumia treni, Benezeti. Umeisukumia juu ya baba yangu." "Laurian, kaa kwanza." Akainuka, bado na tabasamu la mtu asiyeelewa, akanyoosha mkono wa kulia kumzuia kama unavyomzuia rafiki aliyelewa, na vidoleni alikuwa na tonge. Muhoro ukashuka. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kukata mgomba, chwa, sauti yenye maji. Mkono ulianguka kwenye vumbi ukiwa umeshika lile tonge. Benezeti aliutazama. Hakulia; aliutazama kama mtu aliyedondosha kitu na anataka kuokota. Baba akapiga tena, begani, na tai ikabadilika rangi. Hapo ndipo Bibi Yunia, mama yake Benezeti, alitoka ndani na kigoda, akampiga nacho baba usoni, akapiga enduru, ule ukelele wetu wa hatari unaoitikiwa kilima kwa kilima. Kuku mmoja akaja akadonoa tonge. Nakumbuka nilimfukuza. Katika yote yaliyotokea siku ile, jambo pekee jema nililofanya ni kumfukuza kuku.

Edsoni na kaka zake wawili walichukua fimbo za kuchungia. Nilishasema Edsoni akicheka anakaa. Sasa nilimwona akipiga, amesimama wima, anainua fimbo kwa mikono yote miwili, na kila ikishuka baba anatoa sauti kama gunia linalotupwa. Walimvunja mtulinga. Walimvunja meno ya mbele. Watu waliokuja kuamua waliamua kwa mateke. Mmoja akafyonza petroli kwenye tangi la bodaboda, akaiweka kwenye chupa ya soda, akauliza kiberiti kiko wapi, kwa utulivu, kama anayetaka kuwasha sigara. Mama akajilaza juu ya baba kifudifudi. "Choma na mimi," akasema. "Anzeni na mimi, ninyi mliokula kwangu." Ndipo kiberiti kikakosekana. Mama mwenyewe ndiye aliyefunga kisiki cha Benezeti kwa kanga yake ya kanisani, akaikaza mpaka meno yakalia, wakati nyuma yake wale kaka wawili wamekwishaingia kwenye migomba yetu na mapanga. Mgomba ukikatwa haupigi kelele. Unabaki umesimama kidogo kama unafikiri, halafu unainama. Walikata yote ya upande wa mpakani, ile iliyolishwa na samadi yao, kisha wakatia moto jiko. Gari lilikuwa moja tu, pikapu ya kubebea kahawa, kwa hiyo ndugu wa mavi walisafiri pamoja: Benezeti mbele kwa dereva, kichwa kimelegea, baba nyuma amefungwa kamba, damu ya wote wawili inatafuta tundu moja la kutokea.

Benezeti alipona, kama kukatwa tena mpaka karibu na kiwiko hospitalini ni kupona. Kigingi kilichukuliwa na polisi kikawa kielelezo. Nikadhani watu watamwonea huruma. Wapi! Mambo yalikuwa yamebadilika kabla hajatolewa nyuzi. "Laurian ana hasira, ndiyo," nilisikia mwanaume mmoja akisema dukani, anakuna kichupa cha soda kwa ukucha, "lakini yule aling'oa. Samadi ilikuwa kwenye kigingi, ya ng'ombe wake. Unataka ushahidi gani, barua?" Mwenzake akajibu, "Mkono uliong'oa ndio uliokatwa. Mungu hakosei shabaha." Mama aliletewa maharage na watu ambao hawajawahi kutuletea hata pole. Kwa Benezeti hakwenda mtu. Bibi Yunia alikuja bombani na ndoo yake ndogo, hakuna aliyemwanza, akasalimu mwenyewe. Wanawake wakatazama maji. Akasalimu tena. Mara ya tatu akajijibu mwenyewe, taratibu, "Nimeshinda vizuri, wanangu," akaketi kungoja zamu. Bibi yule ndiye aliyenipokea siku nilipozaliwa, kabla ya gari la wagonjwa kufika. Nilikuwa wa nne kwenye foleni. Sikuitikia.

Shuleni Edsoni alirudi baada ya wiki mbili, wakamwita "mtoto wa mng'oaji". Alimvunja mtu pua, akachapwa mbele ya paredi. Kesho yake akamvunja mwingine, akachapwa tena. Alichapwa akiwa ameuma midomo na kunitazama mimi, binti wa aliyemkata baba yake. Nami? Wasichana wa darasani kwetu waliniomba mchezo mpya. "Koku, tuigizie mng'oaji!" Nikaingiza mkono ndani ya sweta, nikaacha mkono wa sweta unaning'inia, nikatembea nikiinama kung'oa vigingi kwa meno. Walicheka mpaka wakapiga madawati. Nilipogeuka, Edsoni alikuwa dirishani. Hakuingia. Alisema tu, "Endelea, sijacheka bado," akaondoka. Tangu hapo nikapigana mimi pia, bila sababu maalum, na yeyote aliyekuwa karibu. Niling'oa nywele za msichana kwa kugombea kijiko. Nilipigwa na fagio la chuma nikashonwa nyuzi juu ya jicho. Ilikuwa nafuu. Kila kipigo nilikipokea kama mtu anayelipwa alichokuwa akidai.

Nilimwambia baba mahabusu. Mama alikuwa kaunta anaonjeshwa chakula alicholeta, na mimi nilikuwa nimekaa na baba benchi moja, askari magereza hatua tatu kutoka kwetu akichokonoa meno. Nilisema haraka, kama unavyomeza dawa: kigingi ni mimi, ilikuwa mzaha, nilitaka kuandika nikachelewa. Baba alimtazama askari kwanza, kisha mlango. Akauliza, "Nani mwingine anajua?" "Hakuna." Akanishika kifundo cha mkono, akakisokota polepole mpaka nikasikia mfupa unaongea. Meno ya mbele hayakuwepo, maneno yakatoka na upepo. "Sikiliza, Koku. Nimemkata mtu aliyenihamishia mpaka. Hilo hata Mungu ataelewa. Ukifungua huo mdomo wako, nitakuwa nimemkata mtu aliyekuwa anakula." Askari akasema, "Mzee, mwachie mtoto." Akaniachia. Mama alipouliza alama nikamwambia ni geti. Hakimu naye, miezi michache baadaye, hakujali kigingi. Alisema hata kama jirani amehamisha mlima, mkono wa mtu haukatwi, akampa miaka mitatu. Kwa hiyo kufungua au kufunga mdomo kusingempunguzia baba hata siku moja wala kumwongezea. Kilichobaki kwangu kilikuwa jina la Benezeti, na salamu za mama yake, na nilivikalia vyote viwili kama kuku anayeatamia mayai yasiyo yake.

Masika yalipokwisha watu wa reli walirudi. Safari hii alikuja mpimaji mmoja dada, mdogo, buti kubwa, na mashine yake ya miguu mitatu. Mwenyekiti wa kijiji aliita watu wote zizini kwa Benezeti ili wakubwa waone kigingi kinarudishwa, asiseme mtu baadaye kwamba kimesogea. Tulijazana kwenye minyaa. Benezeti alisimama peke yake upande wake na Edsoni. Bibi Yunia kwenye kigoda. Wote tulidhani kutakuwa na mabishano, wazee wakumbuke, watu waape. Yule dada alibonyeza mashine, akatembea hatua nane, akarudi moja, akachomeka kigingi kipya palepale kwenye samadi niliyoipapasa, ambayo sasa ilikuwa imeota majani. Hakumuuliza mtu. Mwenyekiti akamwuliza amejuaje. "Namba ziko humu," akasema. "Kigingi ni cha kusaidia macho tu, mzee. Hata mngekipeleka Bukoba mkakipanda sokoni, sisi kwetu mahali ni hapa hapa." Hakujua anaongea na nani. Nikamwona Benezeti anashika mkono wake ulioishia kiwikoni.

Halafu mtu akacheka. "Kwa hiyo Benezeti aling'oa bure! Amepoteza mkono, na treni haikusogea hata inchi!" Vicheko vikatambaa. "Sikung'oa," akasema Benezeti. Alisema kwa sauti ya mtu aliyesema neno hilo mpaka limechakaa. "Na samadi iliota miguu?" akauliza mwingine. Bibi Yunia alikuwa anageuza kichwa huku na huku akitafuta wanacheka nini, maana yote yalisemwa kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "chumvi" na "asante". Ndipo nikasikia sauti yangu. "Ni mimi." Mama akanishika sketi kwa nyuma. "Nilikihamisha mimi. Ilikuwa Jumapili, mlikuwa kanisani. Ilikuwa mzaha."

Edsoni alinifikia kabla sijamaliza neno la mwisho. Ngumi ilinipata mdomoni, nikaanguka kwenye minyaa, jino likakaa juu ya ulimi kama punje ya mahindi. Akanikanyaga ubavu. Akanikanyaga tena. Nilimsikia akilia, na sikujikinga. Benezeti alimvuta kola kwa ule mkono wa kushoto. "Mwache," akasema. "Hajamaliza." Akaniangalia nilivyokuwa, utomvu wa minyaa na damu. "Simama, Kokushubira. Sema tena. Wa nyuma hawajasikia." Nikatema jino, nikasema tena. Hakuna aliyecheka, yule dada wa mashine alikuwa ameziba mdomo kwa daftari. "Sasa sema Kinyambo," akasema Benezeti. "Mama yangu hajasikia."

Kwa Kiswahili lilikuwa kosa. Kwa Kinyambo lilikuwa mimi. Maneno ya kung'oa, ya mpaka, ya kumwachia mtu mwingine alaaniwe, ni maneno niliyoyasikia kwa mara ya kwanza katika lugha ile, na hakuna hata moja lenye mlango wa nyuma. Hakuna namna ya kusema "mzaha" mbele ya mkono uliokatwa. Nilisema nimeng'oa mimi, nikasema mwanao hakung'oa, nikasema na mimi nilikuwa bombani. Bibi Yunia alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Wewe ni wa nani?" Alijua, alinishika nikiwa bado na damu ya mama yangu. Lakini mtu akikuuliza hivyo mbele ya watu, hakuulizi wewe, anaiuliza nyumba yako. "Wa Laurian," nikasema, na nilihisi mtu anasokota kifundo cha mkono wangu ingawa hakuna aliyenigusa. Bibi Yunia akainuka, akaegemea fimbo, akanipita. Akaenda mpaka alipokuwa mama yangu. Kwetu mdogo ndiye anayemwanza mkubwa kwa salamu. Mkubwa akimwanza mdogo, ni fimbo kuliko fimbo. Akamsalimu mama yangu, kwa jina lake, wazi, kijiji kizima kikisikia, akangoja. Mama alinitazama, akatazama upande lilipo gereza, huko nyuma ya vilima. Akapiga magoti kwenye samadi akaitikia.